Neno la Penseli Nyuma ya Picha ya Ziwa

Wenzangu vijana wa huduma ya picha,

Siku mliponiaga mliniomba niwaandikie namna ya kuboresha mpangilio wa picha za nyanda, za vilima na za fukwe za ziwa. Nimekubali, kwa sharti kwamba nitaandika mambo kwa utaratibu yalivyotokea, na palipo na kosa langu nitaliandika kuwa langu. Sitazungumzia vyeo wala mishahara. Vyeo vilichelewa, na mishahara, kwa miaka mingi, haikuja kabisa. Hakuna la kujifunza katika hayo mawili.

Niliajiriwa nikiwa kijana katika ofisi ambayo nyinyi mnaijua na wengine hawana haja ya kutajiwa jina lake. Yatosha kusema kwamba ilitunza mafaili ya viwanja na mashamba ya mji wa Likasi na vijiji vya jirani, na kwamba nyuma yake, mahali palipokuwa ghala la karatasi, palikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Mkuu wa chumba hicho alikuwa Mzee Mukendi, mtu mfupi, mnyoofu, aliyevaa koti la kazi la bluu lililopigwa pasi hata siku za kuchanganya dawa. Alizaliwa Likasi, wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, na katika idara nzima hakuna aliyejua kuitazama nchi hii kama yeye.

Siku ya kwanza sikushika kamera. Siku ya sitini pia. Mzee Mukendi alikata dirisha dogo katika kipande cha kartoni, akaniamuru nitembee nalo mbele ya jicho kutoka ofisini hadi mtaa wa Kikula na kurudi, kisha nimweleze kilichokuwa ndani ya dirisha na kilichobaki nje. Sokoni muuza mihogo mmoja aliniuliza kama siku hizi ofisi inapima watu badala ya viwanja. Nilikuwa na diploma, tai na kipande cha kartoni.

Mafunzo yake yalikuwa machache, nami nayaandika kama alivyoyasema, kwa kuwa kila nilipojaribu kuyasema kwa Kifaransa cha ofisini yalipoteza nguvu. La kwanza lilikuwa mlango. Picha ya mandhari, alisema, ni nyumba. Lazima pawepo kitu cha karibu, jiwe, njia, mtumbwi, unyasi ulioinama, ambacho jicho litapitia kabla ya kufika mbali. Nilipomletea picha yangu ya kwanza ya vilima vya Kamatanda, aliigeuza huku na huku.

«Mulango iko wapi?» aliuliza. «Muntu ataingia namna gani mu hii picha? Atapita ku dirisha sawa muizi?»

La pili lilikuwa mstari wa maji. Mpiga picha wa ziwa, kwa furaha ya kuona ziwa, husahau kuisimamisha kamera wima, na maji yake humiminika upande mmoja wa karatasi. «Maji haipandake mulima, mwana yangu», aliniambia. «Kama yako inapanda, njo weye unalala upande», yaani ndiwe uliyeinama. Tena alikataza mstari huo kukata picha katikati kama mkate wa ndugu wawili wanaogombana: ama mbingu ipewe sehemu kubwa, ama maji, lakini mmoja awe mkubwa wa nyumba. La tatu lilikuwa nuru. Kilima cha Kamatanda saa sita mchana ni sahani. Saa moja asubuhi, nuru ikitoka ubavuni, kila mfereji wa mvua unaonekana. Alinirudisha huko mara tatu kabla ya kukubali picha moja, na hiyo moja hakuisifu. Aliacha tu kuisema vibaya.

La nne ndilo lililoniletea taabu, kwa hiyo nalieleza kwa ukamilifu. Mzee Mukendi aliliita kufagia. Kabla ya kubonyeza, jicho litembee katika pembe zote nne za picha kama ufagio, na chochote kisichokuwa na kazi kitolewe: tawi lililochungulia, mkia wa mbwa, bati linalong'aa. Mara nyingi huwezi kukitoa kitu chenyewe, basi unasogea wewe, hatua mbili, hatua tano, hadi kimezwe na mti au mwamba. Picha iliyofagiwa vizuri tuliiita tupu. Katika chumba chetu hapakuwa na sifa iliyozidi hiyo. Nyuma ya kila picha tuliandika kwa penseli, kwa Kiswahili, mahali, saa, na neno hilo ikiwa picha ilistahili. Maandishi rasmi ya Kifaransa yalikuwa kazi ya makarani. Yale ya penseli yalikuwa yetu wenyewe.

Katika mwaka wangu wa saba niliamriwa kupiga mandhari ya ufuko wa kaskazini wa ziwa la Lufira kwa ajili ya faili la viwanja. Mzee Mukendi alikuwa na maumivu ya magoti, hivyo nilikwenda bila yeye, kwa gari la ofisi, nikaondoka mapema ili nifike ukungu ukiwa bado juu ya maji. Katika ghuba nzuri kuliko zote palikuwa na nyumba tatu za udongo. Mwenyewe alikuwa Mama Kisimba, mjane, mwenyeji wa pale, aliyekausha samaki kwa moshi pamoja na dada zake wawili. Palikuwa na vichanja vya samaki, nguo kwenye kamba, mabati mawili ya mapipa ya zamani yaliyokunjuliwa, na moshi uliofunika nusu ya ziwa. Kwa jicho nililofundishwa, ilikuwa fujo.

Nilimwamkia kwa heshima, nikamwomba kama angeweza kuuzima moshi kwa muda mfupi na kuanua nguo. Aliniuliza sababu. Nilimwambia kwamba picha ni ya ofisi na inatakiwa iwe safi.

«Baba, unataka picha ya fasi yangu bila moshi yangu, bila nguo yangu, bila minye. Utabakiza nini?»

Nilimjibu kwamba, bila yeye, litabaki ziwa.

«Ziwa njo ilikuita?»

Dada zake walicheka sana, nami nilicheka kwa adabu. Hata hivyo alimwaga maji kwenye moto, akaanua nguo. Nyumba zenyewe hazikuweza kuanuliwa, kwa hiyo nilichukua kamera na miguu yake mitatu, nikasogea kushoto hatua saba, hadi kichuguu kimoja kikubwa, kirefu kuliko paa, kilipozimeza zote tatu pamoja na vichanja. Hapo nilikosa mlango. Mama Kisimba, ambaye sasa alikuwa ameanza kuona mchezo huo ni wa kupendeza, aliuvuta mtumbwi wake mwenyewe hadi mahali nilipoonyesha kwa kidole, akaugeuza pua kuelekea majini, akatoka nje ya picha. Mtumbwi, mstari wa maji katika theluthi ya juu, ukungu, kichuguu upande wa kulia kama mlinzi. Nilipomaliza alinipa bukari, ugali wa kwetu, na samaki, nikala mbele ya nyumba ambazo katika kamera yangu hazikuwapo.

Mzee Mukendi aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu chini ya taa nyekundu. «Iko tupu», alisema. «Muzuri.» Nilichukua penseli nikaandika nyuma: Ufuko wa kaskazini. Asubuhi. Tupu. Sijawahi kuandika neno kwa fahari kubwa kuliko hiyo.

Kisha ulikuja wakati ambao nyinyi mmeusikia kwa wazazi wenu. Karatasi ya picha iliisha, tukakata iliyobaki vipande vidogo. Dawa iliisha, tukaichuja iliyokwisha kutumika. Maji ya bomba yalikuja siku moja kwa wiki, na picha isiyosuuzwa vizuri hugeuka manjano kama mgonjwa wa ini. Viwanda vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Uporaji ulipofika, wezi walichukua mashine ya kukuzia picha, wasijue ni ya nini, pamoja na masanduku ya negativu, filamu tulizokwisha kupiga. Baadaye nililiona beseni letu moja la kusafishia picha huko Kikula, ndani yake mna matembele. Kamera moja ya zamani iliokoka, kwa kuwa kisanduku chake kilikuwa kimepasuka na kwa mwizi ilionekana takataka.

Katika miaka hiyohiyo watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa, waliambiwa kwamba hawakuwa wa hapa, warudi kwao. Mzee Mukendi alingoja treni kituoni kwa majuma mengi, yeye na familia yake, chini ya turubai, miongoni mwa maelfu. Nilimpelekea maji kila nilipoweza. Siku moja nilikwenda na ile kamera mkononi, kwa sababu nilikuwa natoka kazini, naye aliiangalia kwanza kabla ya kuniangalia mimi.

«Usinipige picha hapa», alisema. «Hapa hakuna mulango.»

Juma lililofuata treni iliwachukua. Barua zangu hazikujibiwa, na nimeambiwa mambo mawili yanayopingana kuhusu mwisho wake, kwa hiyo siandiki lolote.

Haukupita muda mrefu Mama Kisimba alifika ofisini kwetu. Alikuja juu ya lori la makaa, akiwa na barua ya Kifaransa ambayo katekista wa kijijini alikuwa amemsomea. Bwana mmoja mwenye nguvu alikuwa ameiomba ghuba ile iwe shamba lake na mahali pa kupumzikia, na barua ilimwamuru Mama Kisimba aondoke kabla ya mvua. Sababu ilikuwa imeandikwa wazi: alivamia pale majuzi, kwani picha iliyomo katika faili ilionyesha ufuko usio na mtu. Aliketi mbele ya meza yangu, akaiweka barua juu yake, akailainisha kwa kiganja.

«Baba, minye nilikuona na macho yangu. Ulikula ku sahani yangu. Leo karatasi inasema sikukuwako. Basi nani alikupikia?»

Niliomba faili. Picha ilikuwa humo, nzuri kama siku ya kwanza. Karani ambaye hakuwahi kuona ziwa hilo alikuwa ameigeuza, akasoma neno langu la penseli, na katika fomu, mbele ya neno wakaaji, akaandika kwa wino: *inoccupé*, yaani ardhi isiyokaliwa. Chini yake palikuwa na mhuri. Nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. Mtu anawezaje kuhamisha neno kutoka penseli hadi wino, kutoka lugha hadi lugha, bila kupanda hata baiskeli kwenda kutazama? Lakini lazima hesabu ya makosa iwekwe sawa. Yeye alilihamisha. Mimi niliandika.

Nilichukua kioo cha kukuzia, nikaipekua picha kwa saa nzima nikitafuta ncha ya paa, kivuli cha kamba, uzi wa moshi, chochote. Hapakuwa na kitu ila mtumbwi, na mtumbwi waweza kuwa wa mpita njia. Nilikuwa nimefagia vizuri mno. Negativu nyingine za siku ile zilikuwa zimekwenda na masanduku. Hapa ndipo penye somo mliloniomba, nami sina jingine kubwa kuliko hili: fagieni, kwa kuwa picha isiyofagiwa haitazamwi, lakini kwanza pigeni moja kabla ya kusogea, na nyuma yake muandike mlichokitoa na mlisogea hatua ngapi. Mandhari huwa na wenyewe.

Nilikwenda kwa mkuu wa ofisi wa wakati huo nikamweleza. Alisikiliza huku akizungusha kalamu. Alisema kwamba picha haidanganyi, kwamba ofisi haiwezi kujipinga yenyewe, na kwamba bwana yule alikuwa na subira ndogo. Nilipong'ang'ania, alishuka kwenye Kiswahili cha mtaani, jambo alilolifanya tu alipotaka kutisha.

«Unataka kuandika ya kama picha ya ofisi ni bongo? Basi andika na jina ya muntu alidanganya.»

«Nitaandika, Shefu», nilimjibu. «Uongo huo ni wa kwangu.»

Aliniambia kwamba mtumishi anayekiri kuharibu hati hana haki ya kushika kamera. Ahadi hiyo aliitimiza baadaye: nilihamishiwa chumba cha kumbukumbu, nikakaa humo miaka minne nikipanga mafaili na kufukuza mchwa. Sijutii, ila mchwa walikuwa wengi.

Niliandika tamko langu kwa mashine, nakala nne. Nilieleza hatua saba, kichuguu, mtumbwi na mwenye mtumbwi, moto uliozimwa, chakula nilichokula, na maana ya neno tupu katika chumba cha giza. Kisha nililipeleka kwa Bwana Ilunga, mzee aliyeshika daftari la barua zinazoingia. Mnajua sheria ya ofisi zetu: barua isiyo na namba haijazaliwa, na iliyopewa namba haiwezi kuuawa bila kaburi lake kuonekana. Alinitazama juu ya miwani, akaniambia kwamba mkuu alikuwa tayari amepita hapo.

«Shefu alisema nisikubali barua yako mukononi», alisema. «Basi weka ku meza. Minye nitaandika namba tu.»

Akaandika namba, akapiga mhuri kwenye nakala yangu, akarudi kwenye chai yake. Mtu huyo hakuwahi kupandishwa cheo.

Kwa kuwa tamko lenye namba lilipinga faili lenye mhuri, ilibidi tume iende kutazama. Ilichukua miezi, mvua zikaanza, na Mama Kisimba alikuwa bado hajaondoka. Kila juma alisubiri watu wa kubomoa. Hatimaye tulikwenda: wajumbe watatu, mwakilishi wa yule bwana, na mimi pamoja na kamera ya zamani. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye koti la mvua, mchovu, aliyetaka kurudi mjini kabla ya barabara kuharibika. Kichuguu kilikuwapo, ingawa watu walikuwa wamekichimba ubavu mmoja kwa ajili ya matofali. Nyumba zilikuwapo, tatu, moja ikiwa na nyasi mpya.

Nilisimamisha kamera mahali pa kwanza, nikamwomba mwenyekiti atazame. Akasema anaona nyumba tatu na nguo za watu. Nikahesabu hatua saba kwa sauti, nikasimamisha tena. Alitazama kwa muda, akainua kichwa, akatazama tena.

«Sasa hakuna kintu. Bantu bakwenda wapi?»

Mama Kisimba alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono ikinuka samaki. «Beko fasi yabo, Papa», alisema, yaani wako mahali pao. «Njo weye ulisogea.»

Mwakilishi wa yule bwana alisema kwamba huo ni mchezo wa watoto. Nyumba zingeweza kujengwa baada ya picha, na shahidi pekee alikuwa mtu aliyenunuliwa kwa samaki. Nilimjibu kwamba samaki nilikula, mara moja, siku ya picha yenyewe, na kwamba kama hapakuwa na mtu pale siku hiyo, tume itafute ni nani aliyemkaanga. Mwenyekiti hakucheka, lakini alifungua faili juu ya boneti ya gari. Alikata kwa mstari neno la karani, akatia sahihi ndogo pembeni, akaandika kwamba siku ya picha pale palikuwa na nyumba. Kisha alisita kwenye mstari wa wakaaji, kalamu ikiwa juu. Mwakilishi alimwinamia, akamnong'oneza kwamba ingetosha kuandika «baadhi ya wavuvi». Nilielewa mara moja. Baadhi ya wavuvi huhamishwa wakati wowote, kwa barua moja.

Mama Kisimba, nadhani, alielewa kabla yangu. Aliwaita dada zake, wakasimama mbele ya nyumba ya katikati, mmoja akiwa bado na kisu cha kuparia samaki.

«Baba, leo piga yetu.»

Nilimsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa aibu kubwa, kwamba ndani hamna filamu. Katika Likasi nzima filamu ilikuwa imekwisha kabla ya mvua zilizopita.

«Haina mambo», alisema bila kuacha kutazama mbele. «Piga tu. Beko banatuangalia.»

Katika kazi yangu yote sijawahi kujifanya nimefanya jambo ambalo sikulifanya, ila mara hiyo moja, na naliandika hili ili lisije likaandikwa na mwingine. Nilirudi kwenye kamera. Nilisawazisha mstari wa maji. Moshi ulikuwa ukipita mbele yao, nikauacha. Nikabonyeza, na mlio ukasikika hadi garini. Mwenyekiti aliinua kichwa, akawatazama wanawake watatu waliosimama wima mbele ya nyumba, akamwondoa mwakilishi kwa mkono kama anayefukuza inzi, kisha akaja na faili lake hadi mbele yao, akawauliza majina, mmoja mmoja, na jinsi yanavyoandikwa.